Herufi Iliyozama

Saa nne asubuhi, Nkuhungu. Upepo wa Agosti
umekwisha kupaka vumbi kila karatasi dukani.
Akaingia Chilewa, tai nyeusi mfukoni.
"Nichapie wasifu wa mama. Tunazika saa nane."

Nikakaa. Nikaanza na jina:
Tbith Msk Chlng.
Mstari wa pili: lizliw Bhi.

Akainama kutazama skrini, kisha akanitazama mimi.
Nikabonyeza tena. Kitufe kilizama, hakikuibuka,
kama yule tembo wa hadithi ya mji huu
aliyefuata maji kijitoni, tope likammeza,
wenyeji wakasema idodomya, jina likabaki.

Ingekuwa Q, ningeendelea bila kumwambia mtu.
Q inakaa kule pembeni mwaka wa sita, mshahara wa bure.
X ni ya wajaza fomu.
Lakini A!
Jaribu kusema baba. Maji. Sala. Samahani.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.
Nikachomoa waya, nikahesabu hadi kumi,
nikauchomeka tundu la nyuma. Wapi.
Nikazima mashine, nikawasha; ikaamka taratibu
kama mlinzi aliyefumaniwa usingizini. Wapi.
Simu ya Chilewa inalia: turubai limefika, viti bado,
na mchungaji anauliza nani atasoma.

Basi nikaiba.
Nikafungua mkataba wa pango wa mtu wa Chang'ombe,
nikachota A moja kwenye neno "malimbikizo",
nikainakili, nikaibandika:
T, halafu A ya deni, halafu bith,
halafu A ya deni.
Mama wa watu akaanza kusimama
kwa herufi za kuazima.
Nilipofika "ameacha watoto saba" nikaona haya.

Nikaipindua kibodi juu ya gazeti,
nikaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.
Vikaanguka: mchanga mwekundu, pini ya stepla,
nusu ya sisimizi, ganda la karanga,
kipande cha ukucha, sijui cha nani,
na mbegu mbili za zabibu.

Zabibu!
Jumapili Wendo wangu alikaa kwenye kiti hiki
akichora maua kwa kipanya,
na kishada kizima pajani.

Nikaing'oa kofia ya A kwa ncha ya kisu cha karatasi.
Chini yake utomvu wa zambarau, umeganda kama gundi.
Pamba. Spiriti. Mswaki wa zamani. Nikapuliza.
Chilewa alinishikia ile kofia kiganjani,
nyepesi kama jino la utoto,
akakunja vidole taratibu, asiipoteze.

Nikairudisha mahali pake. Ta! ikaitika.
Nikabonyeza:

Maama

Nimepiga moja, zimetoka mbili.
"Samahani kaka, spiriti haijakauka,"
nikapeleka kidole kufuta.
"Hiyo iache," akasema.
Kimya. Feni inazunguka, inabishana na vumbi.
"Tukirudi na mbuzi, tukiwa bado ng'ambo ya korongo,
hivyo ndivyo tulivyokuwa tukimwita."

Nyingine zote nilizifuta, moja moja,
aalizaaliwaa, aalisomaa, aaliolewaa,
nikiramba midomo kama mtu anayetoa miiba.
Kurasa mbili, nakala ishirini.
Pesa alinipa kamili, sikuzihesabu.
Akafunga tai mbele ya kioo cha kabati la bahasha,
fundo likaenda upande, akaondoka nalo hivyo hivyo.

Jioni nikachapa tangazo, nikalibandika juu ya meza
Wendo alione akitoka shule:
KULA HAPA NI MAARUFUKU.

Wateja wanacheka. Mwenyewe sijalibandua.